Ngome Ambayo Haikuwa Kitabuni

Jirani yangu anajenga ukuta. Tangu Jumatatu mafundi wake wanachanganya saruji karibu na dirisha la jikoni kwangu, na kila nikiinjika chai harufu inaingia: saruji mbichi, mchanga uliolowa, vumbi la jiwe lililopigwa patasi. Wenzangu wa rika langu mliokulia nyumba za kanjo, za baraza la jiji, labda kwenu harufu ya utoto ni mafuta taa au mandazi. Kwangu ni hii. Ni harufu ya shati la baba yangu akitoka kazini saa kumi na moja. Nilipokuwa mdogo nilimkimbilia hadi mlangoni ili niipate kabla hajaoga. Siku hizi ikinijia nafunga dirisha, na binti yangu ameshaniuliza mara mbili kwa nini ninafunga dirisha na joto lote hili.

Baba alikuwa mwashi wa kanjo. Kazi yake ilikuwa kuta: ukuta wa soko ulioangushwa na lori, ukuta wa makaburi, kingo za mitaro, ngazi za ofisi za wakubwa. Alikuja Nairobi kutoka upande wa Bungoma akiwa kijana, akapata kibarua, kibarua kikawa kazi ya kudumu, na kazi ikampa nyumba ya chumba kimoja kule Mbotela, mwendo mfupi kutoka barabara ya Jogoo. Humo tuliishi wanne. Yeye, mama aliyeuza chai na mandazi kwa watu wa asubuhi, mimi Nekesa, na mdogo wangu Nasimiyu. Pazia la maua liligawa chumba mara mbili, na kila mtu alijua kukohoa kabla ya kupita.

Ijumaa moja baba alirudi na kitabu kikubwa kimefungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa amekipata sokoni Gikomba, kwenye rundo la vitabu kuukuu vilivyotandazwa juu ya gunia. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimenyeshewa zikashikana. Lakini ndani yake, jamani! Ngome za Ulaya za kale, moja kila ukurasa. Minara yenye bendera, madaraja yanayoinuliwa kwa minyororo, mahandaki yaliyojaa maji, na wapanda farasi waliovaa chuma kutoka utosini hadi vidole vya miguu. Sisi tuliwaita watu wa mabati. Nasimiyu aliwahurumia sana. Alikuwa na hakika kwamba saa saba mchana wanaiva humo ndani kama viazi kwenye sufuria, kwa maana jua alilolijua yeye lilikuwa moja tu, la Mbotela.

Jioni, baada ya kuoga, baba alikaa ukingoni mwa kitanda akakiweka kitabu mapajani. Mimi kushoto, Nasimiyu kulia. Aliweka kidole chake kinene kwenye mstari wa kwanza, akakisogeza polepole kuelekea kulia, akaanza kusoma.

"Ngome hii ilijengwa juu ya kilima. Mwenyewe aliitwa Wepukhulu. Alichimba handaki kuizunguka, na udongo aliouchimba ndio aliojengea ukuta, akauchanganya na samadi ya ng'ombe usipasuke. Mlango aliufanya mfupi makusudi. Mtu akitaka kuingia ainame, atangulize kichwa. Adui akitanguliza kichwa, unajua kitakachompata."

"Kitampata nini?" Nasimiyu aliuliza kila siku, ingawa alijua.

"Rungu," baba alijibu, na sote tukacheka.

Haikunijia kushangaa kwamba bwana wa ngome ya Ulaya anaitwa Wepukhulu. Jirani yetu muuza makaa aliitwa Wepukhulu, nami niliamua kwamba wazazi wake walimpa jina la mfalme wa Wazungu, wakitumaini angefika mbali. Nilimwamkia kwa heshima zaidi. Wala sikushangaa kwamba kitabu cha Kiingereza kinasomeka kwa Kiswahili. Baba alikuwa mtu mzima, na nilidhani watu wazima hubadilisha lugha ndani ya macho. Jambo moja tu lilinitatiza. Ukurasa wa daraja leo uliweza kuchukua dakika tano, na kesho nusu saa, ukiwa na watu wapya, njaa mpya, na mizinga ya nyuki inayotupwa juu ya ukuta. Nilimweleza Nasimiyu kwamba maneno ya kitabu hiki yanazaana kama kunguni, na kila tukikifunga yanaongezeka. Aliniamini. Hata mimi nilijiamini.

Kisha yalikuja matembezi yetu. Jumapili moja kila mwezi, baada ya kanisa, baba alisema, "Leo twende ngome," na mama akajaza chupa ya chai na kufunga mandazi kwenye kitambaa. Tuliyazunguka majengo yote ya mawe mjini. Kanisa kubwa lenye minara, majengo ya zamani ya reli, kuta zilizoachwa na wakoloni. Watoto wengine wa Mbotela walipelekwa kuona wanyama au kupanda bembea. Sisi tulipelekwa kuona kuta, nami sikuona tofauti, kwa sababu kila mnara baba aliupa bwana wake na vita vyake.

"Usianze juu," alituambia tulipoinua shingo. "Anza chini. Ukuta mzuri unaujua kwa jiwe la chini." Alitushika mikono akatupitisha viganja juu ya mawe ili tusikie alama za patasi. "Hapa fundi alikuwa na hasira. Na hapa, ona, huyu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto." Siku moja alitupeleka hadi Njiru, ambako wakati ule hapakuwa na nyumba nyingi, tukasimama ukingoni mwa machimbo ya mawe. Chini kabisa palikuwa na maji ya kijani. Nasimiyu aliuliza kama joka linaishi humo. Baba akatikisa kichwa kwa uzito na kusema lipo, ila Jumapili haliumi mtu. Mama alicheka hadi chai ikamwagika. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Nilipofika darasa la tano nilipata rafiki, Shiro. Alitoka Buruburu, nyumba ya ghorofa yenye geti na sebule ambayo haikuwa na kitanda. Baba yake alifanya kazi katika ofisi ya serikali na kuvaa tai hata Jumamosi. Shiro pia alipenda ngome na majoka. Alikuwa na vitabu vyake mwenyewe, vipya, vyenye majalada yanayong'aa, na urafiki wetu ulianzia hapo.

Siku moja mwalimu alituambia kila mtu asimulie jambo analolijua vizuri. Nilisimama kwa kifua mbele. Nilieleza ngome: handaki, ukuta wa udongo na samadi, mlango wa kuinama, nyuki. Nilikuwa sijamaliza Shiro alipoangua kicheko.

"Samadi? Ngome ya mavi ya ng'ombe? Wacha uongo, Nekesa! Ngome ni mawe. Uliona wapi hiyo?"

"Kitabuni. Baba alitusomea."

"Basi baba yako anasoma kitabu gani?"

Darasa zima lilicheka, na mwalimu akageukia ubao, lakini mabega yake niliyaona yakitikisika. Hadi muhula ukaisha niliitwa Ngome ya Mavi.

Siku ile nilifika nyumbani baba hajarudi. Nilikishusha kitabu nikakaa nacho sakafuni pamoja na kamusi ya shule. Nilitaka kupata ule mstari, niunakili, nimpelekee Shiro. Nilisoma ukurasa wa daraja neno kwa neno. Ulieleza uzito wa mlango, jinsi minyororo ilivyofanya kazi, na askari wangapi walilala chumba cha juu. Nilisoma wa pili na wa tatu. Hapakuwa na Wepukhulu. Hapakuwa na samadi, wala nyuki, wala mtu anayeinama. Nilisoma hadi kurasa zilizoshikana, nikazibandua kwa kisu cha mama, na huko pia hapakuwa na kitu.

Jioni baba alipokaa ukingoni mwa kitanda, sikuangalia picha tena. Niliangalia kidole chake. Ukurasa ule ulikuwa na mistari minne tu chini ya picha. Kidole kilienda kulia, kikashuka, kikaenda kulia, kikashuka, kikafika mwisho, kikarudi juu na kuanza upya. Mara kumi. Mara kumi na tano. Sauti yake ilikuwa ileile, tamu, yenye hakika.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilihisi kama mtu aliyeibiwa, na mwizi amekaa naye bega kwa bega, akinukia sabuni. Wiki baada ya wiki nilikaa kushoto kwake nikihesabu safari za kidole, na kila alipotuangalia ili tucheke, nilicheka kwa kuchelewa.

Mwisho wa muhula, mama yake Shiro alitangaza sherehe. Alikuwa akisimamia vitabu vya watoto katika ukumbi wa kanisa fulani pale Buruburu, na alitaka familia zije Jumamosi, watoto wavae kama watu wa ngome, na wazazi wachache wasome hadithi mbele. Karatasi ya kuandikisha wasomaji ilibandikwa mlangoni mwa ukumbi. Shiro alinipeleka nikaione. Baba yake alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

"Wako je?" aliniuliza. "Yule wa samadi?"

Nilichukua kalamu iliyoning'inia kwa uzi, nikaandika jina la baba yangu kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nataka nini. Nimejaribu majibu mazuri. Kwamba nilitumaini nimekosea, kwamba labda mbele za watu angesoma kweli. Lakini ninyi ni watu wazima kama mimi, na hatuna sababu ya kudanganyana. Nilijua. Nilitaka achekwe kama nilivyochekwa mimi, na achekwe na walewale.

Nilipomwambia baba kwamba ataitwa asome, aliuliza, "Hadithi za ngome?" Nikasema ndiyo. "Basi sawa," akasema. Jumamosi asubuhi alikaa kwenye ngazi akisugua saruji iliyoganda kwenye kucha zake kwa kipande cha jiwe, mmoja mmoja, hadi vidole vikawa vyekundu. Alivaa koti lake la kahawia la kanisani. Mama alinitengenezea taji la karatasi ya sigara, ile ya fedha, na Nasimiyu akafungwa shuka mgongoni awe malkia. Tulitembea kutoka Mbotela hadi Buruburu, baba mbele, akisalimia watu kwa niaba yetu: "Tunaenda ngome!"

Ukumbini walikuwa wamejenga ngome ya maboksi, wakaipaka rangi ya kijivu na kuichorea mawe. Baba aliigonga kwa kidole, akamnong'oneza mama, "Fundi wa hapa hakuweka msingi," na mama akambana mkono anyamaze. Watoto walikuwa labda arobaini, wenye panga za mbao na ngao za sahani. Wazazi walikaa nyuma kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafika kidevuni.

Baba yake Shiro alisoma kwanza. Alisoma vizuri, Kiingereza kilichonyooka, haraka, bila kuinua macho. Watoto walianza kugongana panga. Alipomaliza watu walipiga makofi, na mama yake Shiro akatazama karatasi yake.

"Sasa tumkaribishe baba yake Nekesa, Bwana Wanyonyi."

Baba aligeuka akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Akainuka.

Alikipokea kitabu cha ukumbini kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigoda mbele ya ngome ya maboksi, akafungua. Kidole kikakaa kwenye mstari wa kwanza.

"Ngome hii," akaanza, "ilijengwa juu ya kilima, na mwenyewe aliitwa Wepukhulu."

Panga zilitulia. Sijui niwaelezeje. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ukumbi wote uliisogelea. Watoto wa nyuma walitambaa kwa makalio hadi mbele. Alipofika kwenye mlango wa kuinama, aliinama mwenyewe pale kwenye kigoda, akatanguliza kichwa, akatutazama kwa jicho la adui anayejiona mjanja, na watoto wote wakapiga kelele, "Usiingie!" Wazazi walikuwa wanacheka kicheko kizuri. Mama alikuwa amesimama nyuma kabisa, mkono mdomoni, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake, kama msichana. Nami nilimwangalia Shiro. Shiro, aliyenifanya niitwe Ngome ya Mavi, alikuwa amekaa mdomo wazi, upanga umemdondoka, akisikiliza habari za samadi na udongo kana kwamba hajawahi kusikia kitu kizuri kama hicho.

Hadithi ileile. Mimi nimechekwa kwayo, yeye anashangiliwa kwayo, tena ni ya uongo. Nilisimama, taji likaniteleza likafika sikioni.

"Hayo hayajaandikwa hapo!" nilipiga kelele. "Anawadanganya! Baba yangu hajui kusoma!"

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, kisha akajikohoza.

Baba hakunitazama. Aliangalia kidole chake, bado kipo kwenye mstari, akakiondoa taratibu kama mtu anayeondoa mkono kwenye ukuta usiokauka. Akafunga kitabu. Akainuka na kumpelekea mama yake Shiro.

"Mtoto amesema kweli," alisema.

"Lakini Baba Nekesa, endelea tu, watoto wanapenda—"

"Hapana, mama. Wasomewe na anayejua. Asante kwa nafasi."

Akarudi akaketi kwenye kile kiti kidogo. Nilidhani tungeondoka, lakini hatukuondoka. Kuondoka kungekuwa utovu wa adabu. Alikaa hadi mwisho, akawasikiliza wazazi wengine wawili wakisoma, akapiga makofi kila mara, akapokea soda aliyopewa, akainywa yote. Hakuna adhabu niliyopata maishani iliyofikia kumwona akimaliza ile soda.

Njiani kurudi, Nasimiyu alikuwa mabegani mwake na shuka lake la malkia. "Baba, sasa wale nyuki walifanya nini?"

"Tutaona siku nyingine," baba alisema.

Nyumbani mama alinivuta hadi kwenye karo la kufulia, nje, tulipokuwa wawili tu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu muhula ulipoanza."

Nilingoja kofi. Mama alifungua bomba, akayaacha maji yamwagike tu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Alitolewa shule darasa la pili akachunge ng'ombe wa mjomba wake. Jina lake aliandika mara ya kwanza siku ya kuandikwa kazi, na mimi ndiye niliyemfundisha." Akafunga bomba. "Usimwambie kwamba ulijua zamani. Afikiri uligundua palepale, kama mtoto yeyote anayeropoka. Hilo anaweza kulibeba. Hili lingine usimwongezee."

Nikatii. Ilikuwa rahisi kutii.

Baba hakunipiga, hakunikemea, hakunikunjia uso. Jumatatu aliniletea penseli mpya. Lakini jioni ile, na jioni zilizofuata, hakukaa ukingoni mwa kitanda. Kitabu alinikabidhi mimi. "Shika wewe. Wewe ndiye unayejua kusoma," alisema, na hapakuwa na kejeli ndani yake, nilitafuta. Nilijaribu kumsomea Nasimiyu habari za uzito wa milango na minyororo. Baada ya ukurasa mmoja aliniomba niache, akalala. Jumapili za ngome nazo ziliisha. Baba alianza kuchukua vibarua siku hiyo. Nilipomuuliza jambo lolote lililotokea zamani, popote duniani, alijibu, "Muulize mwalimu."

Nikamuuliza mwalimu. Nikafaulu. Nikaenda shule ya bweni, kisha chuo, nikapata kazi ya kukaa mezani na kusoma karatasi za watu wengine. Baba alistaafu, akanunua kipande kidogo cha ardhi Njiru, akajijengea nyumba ya mawe kwa mikono yake. Tulipendana, kama watu wanavyopendana. Alinisindikiza siku ya harusi yangu. Hakunisimulia kitu tena.

Miaka michache iliyopita shangazi, dada yake mkubwa baba, alifariki, tukaenda nyumbani Bungoma kumzika. Baba magoti yalikuwa yanamsumbua, akabaki amekaa na wazee. Binamu yangu Wekesa, mwalimu wa shule ya msingi, alinichukua nikaone mipaka ya shamba. Katikati ya mahindi ardhi iliinuka kama tuta refu, ikapinda, ikaendelea kupinda hadi nikaona kwamba inazunguka. Kando ya tuta palikuwa na mtaro mpana uliojaa majani.

"Hapa palikuwa lukoba," Wekesa alisema. "Kijiji chenye ukuta. Watu wetu waliishi hivi zamani, kabla ya Mzungu. Huu mtaro ndio handaki. Udongo waliotoa humu ndio waliojengea ukuta."

Nilimwuliza mlango ulikuwaje.

"Mfupi. Unaingia umeinama." Akacheka. "Kichwa kwanza. Mlinzi wa mlango yuko ndani na rungu. Hapa alikuwa mzee mmoja wa ukoo wetu, Wepukhulu. Bibi alikuwa anatusimulia, na kabla yetu alimsimulia baba yako, maana alikuwa analala kwake enzi za kuchunga. Hakukusimulia?"

Nilimwambia alinisimulia. Kisha nikamwomba aniache kidogo, nikakaa juu ya lile tuta na nguo zangu za matanga. Mvua ya jana ilikuwa bado kwenye udongo. Baba hakuwa amebuni hata kidogo. Alikuwa na watoto wawili waliopenda ngome, na kitabu asichoweza kukisoma, na ngome moja aliyoijua jiwe kwa jiwe, au tuseme udongo kwa udongo. Akaichukua hiyo akaitia ndani ya picha za watu wengine, kwa sababu ndicho kitabu pekee alichokipata. Na mimi nikasimama mbele ya watu nikamwita mwongo.

Nilikaa na jambo hilo karibu mwaka mzima kabla ya kwenda Njiru kulisema. Nilimkuta nyuma ya nyumba akijenga banda la kuku, amevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, yakatoka yamechanganyika.

"Baba, ile siku ya Buruburu. Kule ukumbini. Mimi nilijua tangu zamani. Nilikuandika nikijua."

Alikuwa na misumari miwili mdomoni. Aliitoa, akaitazama kiganjani.

"Nilijua unajua," akasema.

"Mama alikuambia?"

"Mama yako hakusema kitu. Wewe mwenyewe. Zamani nikisoma ulikuwa unaniangalia usoni. Siku moja ukaanza kuangalia mkono wangu. Nikasema, aha, huyu amefika."

Zile wiki zote. Nilipokuwa nikihesabu safari za kidole chake, alikuwa akiniona nikihesabu, na akaendelea kusoma.

"Sasa kwa nini ulienda mbele? Ungesema koo linakuuma, ungesema chochote."

Alishangaa, kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Ulikuwa umeshaniandika. Jina limebandikwa mlangoni, watu wote wa Buruburu wameliona. Ningekataa, yule rafiki yako angekuambia nini?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, habari za tuta katikati ya mahindi, habari za Wekesa, neno moja la samahani ambalo lilikuwa limengoja miaka yote hiyo.

"Nishikie huu ubao," baba alisema. "Hapana, chini. Hapo."

Nikapiga magoti nikaushika. Alirudisha msumari mmoja mdomoni, akauweka mwingine mahali pake, akaanza kugonga, taratibu, karibu sana na vidole vyangu, na mimi nikaendelea kuutazama ubao hadi alipomaliza, kwa sababu sikuweza kuinua macho.